Nisba Isiyotajwa: Uhakiki wa Dhana ya Kitambulisho cha Ruta katika Waraka wa OSPF

1. Matini na swali lake

Makala haya yanahakiki matini ambayo si kawaida kuletwa mbele ya mhakiki: waraka RFC 2328, unaoeleza toleo la pili la OSPF, itifaki inayoziwezesha ruta za mtandao mmoja kupashana habari za njia. Waraka huu uliandikwa na John Moy, ukachapishwa Aprili 1998 chini ya IETF, jopo la wahandisi wa intaneti, baada ya maandiko ya 1991, 1994 na 1997 kuhusu toleo hilohilo. Una kurasa 244. Katika wingi huo wote, kitambulisho cha ruta kimefasiliwa kwa sentensi mbili fupi mwanzoni, kisha kikarejewa kwa aya moja katika kiambatisho cha vigezo. Uchache huo ndio uliotuvuta. Dhana ambayo mwandishi aliiona kuwa nyepesi kiasi cha kutosheka na sentensi mbili ndiyo inayobeba jengo zima la itifaki yenyewe.

Itifaki hii hufanya kazi kwa namna ambayo msomaji asiye mhandisi anaweza kuifuata bila taabu. Kila ruta huandika tangazo linaloeleza viungo vyake, yaani imeunganishwa na nani na kwa gharama gani, kisha tangazo hilo husambazwa mpaka limfikie kila mwenziwe. Kwa kuyaunganisha matangazo yote, kila ruta hupata ramani ileile ya mtandao, na juu ya ramani hiyo hukokotoa njia fupi kwa kanuni ya Dijkstra. Ramani ni vituo na mistari. Mistari hueleweka kwa vituo vinavyoungwa, na vituo hueleweka kwa majina. Kitambulisho cha ruta ndicho jina la kituo: namba ya biti 32 ambayo haipaswi kurudiwa mahali popote ndani ya mfumo mmoja unaojitawala.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba waraka unafasili kitambulisho kuwa jina, kisha mifano na ushauri wake vinakivalisha sura ya anwani bila kumwambia msomaji kwamba vazi ni vazi tu. Gharama ya ukimya huo hulipwa mitandaoni, pale ruta mbili zinapojikuta na jina moja, au ruta inapozinduka leo na jina ambalo jana halikuwa lake. Hulipwa pia darasani, pale mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili anapolazimika kuchagua neno, na neno alilolichagua likaamua mapema kile ambacho mwanafunzi atakielewa.

2. Jina, anwani na njia

Tofauti baina ya jina, anwani na njia haikuwa siri kwa waandishi wa nyaraka hizi. Waraka RFC 791 wa Septemba 1981, ambao ndio msingi wa itifaki ya IP, ulikwisha kuitaja kwa ufupi wa kupendeza: jina hueleza tunachokitafuta, anwani hueleza kilipo, na njia hueleza namna ya kukifikia. Jerome Saltzer aliipeleka mbele zaidi katika andiko lililochapishwa tena kama RFC 1498 mwaka 1993. Kwake, mtandao una vitu vya aina nne vinavyohitaji kutajwa: huduma na watumiaji, vituo, sehemu ambazo vituo hushikamana na mtandao, na njia. Kila aina ina haki ya kuwa na majina yake.

Tukikipokea kigawanyo hicho, mara moja tunaona kwa nini OSPF ilihitaji kitambulisho. Anwani ya IP haitaji ruta. Hutaja kiolesura, yaani pale ambapo ruta imeshikamana na mtandao fulani. Ruta yenye violesura sita ina anwani sita, kama nyumba yenye milango sita iliyofunguka kwenye mitaa sita na kila mlango una namba ya mtaa wake. Hakuna hata moja kati ya namba hizo iliyo jina la nyumba. Mlango ukizibwa, namba yake hupotea, nyumba inabaki. Ili ramani ya OSPF iweze kusema kwamba viungo hivi sita ni vya kituo kimoja, ilibidi kuwe na jina la kituo chenyewe lisilotegemea mlango wowote.

Fasili ya RFC 2328 inalitambua hitaji hili kikamilifu. Inataja namba, ukubwa wake, inayepewa, na upeo ambao ndani yake haipaswi kurudiwa. Haitaji anwani kabisa. Kwa kigezo cha Saltzer ni fasili safi, na lau waraka ungeishia hapo kusingekuwa na la kuhakiki.

3. Namba moja, kazi tatu

Waraka haukuishia hapo. Katika sehemu ya 12, ambapo mwandishi anaonyesha tangazo la ruta linavyoandikwa, tunakutana na mfano wa ruta anayoiita RT3. Ruta hiyo ina violesura viwili vyenye anwani 192.1.1.3 na 192.1.4.3, na mwandishi anaweka dhana kwamba vitambulisho vimepatikana kwa kuchukua anwani ndogo kuliko zote za ruta husika. Kwa hiyo kitambulisho cha RT3 ni 192.1.1.3. Dhana hiyo imewekwa kupitia kishazi kimoja, kama mtu anayeeleza rangi ya kiti kabla hajaanza kusimulia kisa.

Tutazame matokeo yake ndani ya tangazo lenyewe. Namba 192.1.1.3 inatokea mara tatu. Mara ya kwanza iko katika nafasi ya kitambulisho cha tangazo, mara ya pili katika nafasi ya ruta mtangazaji, na zote mbili ni jina la RT3. Mara ya tatu iko katika nafasi ya data ya kiungo, na hapo ni anwani ya kiolesura cha RT3 kinachoelekea kwenye mtandao wa pamoja. Tarakimu ni zilezile, vitu ni viwili. Mwandishi mwenyewe amehisi hatari, kwani pembeni ya kila mstari ameweka alama ya nukta-mkato na maelezo mafupi yanayosema hapa ni kitambulisho, pale ni anwani. Maelezo hayo si sehemu ya tangazo linalosafiri mtandaoni. Ni ya msomaji peke yake. Mfano uliokusudiwa kufafanua umehitaji mkalimani wa kuusimamia.

Mfano unaofuata unazidi. Ni tangazo la mtandao linalotolewa na ruta teule, RT4. Katika tangazo la aina hii, nafasi ya kitambulisho cha tangazo hubeba anwani ya kiolesura cha ruta teule, ilhali nafasi ya ruta mtangazaji hubeba jina lake. Katika mfano zote mbili zimejazwa 192.1.1.4. Hapo chini yake zimeorodheshwa ruta zilizounganishwa, kwa vitambulisho vyao, nazo zinafuatana kana kwamba ni anwani za mtandao mmoja: 192.1.1.4, 192.1.1.1, 192.1.1.2, 192.1.1.3. Msomaji wa mara ya kwanza ana kila sababu ya kuamini kwamba orodha hii ni ya anwani. Ni orodha ya majina.

Aidha, iko nafasi moja katika tangazo la ruta ambayo maana yake hubadilika kufuatana na aina ya kiungo. Kiungo kikiwa cha ruta mbili zinazotazamana, nafasi hiyo hubeba kitambulisho cha jirani, yaani jina. Kiungo kikiwa cha mtandao wenye ruta nyingi, nafasi ileile hubeba anwani ya ruta teule. Huu ni uamuzi wa usanifu wenye sababu zake za kiuchumi, na hatuulaumu. Tunachosema ni kwamba katika itifaki ambayo nafasi moja hupokea jina leo na anwani kesho, mwandishi alikuwa na wajibu wa kuchagua mifano ambayo macho ya msomaji yangeweza kuitenganisha. Kuziita ruta zake 0.0.0.3 na 0.0.0.4 kungetosha. Waraka unaruhusu hivyo. Fasili yake inataka namba, basi.

4. Ushauri wa kiambatisho na nguvu ya mazoea

Katika kiambatisho C, miongoni mwa vigezo ambavyo msimamizi wa mtandao hupaswa kuviweka, kitambulisho cha ruta kinatajwa tena. Hapo waraka unaeleza kwamba njia mojawapo ya kukipata ni kuchagua anwani kubwa kuliko zote au ndogo kuliko zote za ruta. Lugha ya sentensi hiyo ni ya kupendekeza. Hailazimishi, na wala haisemi ni ipi bora kati ya kubwa na ndogo.

Watengenezaji wa ruta waliichukua na kuipa uzito wa sheria. Katika programu za Cisco, msimamizi asipoandika kitambulisho kwa mkono, ruta hutafuta anwani kubwa kuliko zote kati ya violesura vya lupubeki, yaani violesura vya kubuni vilivyomo ndani ya ruta na visivyotegemea waya wowote. Kisha, kama lupubeki haipo, huchukua anwani kubwa kuliko zote za violesura vilivyo hai. Ruta za Juniper, kwa upande wao, zisipopewa kitambulisho huchukua anwani ya kiolesura cha kwanza kuamka. Mfano wa waraka ulitumia ndogo, mtengenezaji mmoja akatumia kubwa, mwingine akatumia ya kwanza. Tofauti hizi zenyewe ni ushahidi kwamba hakuna uhusiano wa lazima baina ya anwani na jina. Lakini msomaji hujifunza kutokana na kile ambacho vifaa hufanya, na vifaa vyote viliafikiana juu ya jambo moja, kwamba jina hutoka kwenye anwani.

Ni haki kueleza kwa nini ushauri huo ulitolewa. Anwani za IP zilikuwa tayari zimegawiwa kwa utaratibu usioruhusu marudio. Aliyeazima anwani kuwa jina aliazima pia upekee wake, bila kuunda mamlaka nyingine ya kugawa namba. Kwa mtandao wa mwishoni mwa miaka ya 1980, hilo lilikuwa jambo la busara. Lakini mwaka 1996 waraka RFC 1918 uliyaweka rasmi matumizi ya anwani binafsi, zinazoweza kurudiwa popote, na upekee ulioazimwa ukakosa mdhamini. Tena kanuni ya anwani kubwa ina mtego ambao haujatajwa popote katika RFC 2328: kwa kulinganisha namba, 192.168.1.1 ni kubwa kuliko kila anwani inayoanza na 10 au 172.16. Kifaa kilichotoka kiwandani na anwani hiyo kwenye kiolesura kimojawapo, kikaingizwa katika mtandao uliopangwa kwa uangalifu kwa anwani za 10, na kikawa hakina lupubeki, kitajiita kwa anwani ya kiwandani. Cha pili kitafanya vivyo hivyo.

5. Maelezo yanayojifanya jina

Falsafa ya lugha ina zana ya kutusaidia hapa. Saul Kripke, katika mihadhara aliyoitoa Princeton mwaka 1970 na ambayo baadaye ilikuwa kitabu Naming and Necessity, alitofautisha jina na maelezo. Maelezo kama vile mtu mrefu kuliko wote darasani humpata yeyote anayetimiza sharti. Akija mrefu zaidi, maelezo yanahama. Jina halihami. Humshika mwenyewe hata hali zake zote zikibadilika. Kripke aliongeza jambo ambalo mara nyingi husahauliwa: maelezo yanaweza kutumika siku ya kwanza ili kumwonyesha anayepewa jina, kisha yakawekwa kando. Kutoka hapo jina linajitegemea.

Kanuni ya kuchagua anwani kubwa ni maelezo. Inasema: anwani iliyo kubwa kati ya zile zilizo hai wakati huu. Ruta inapowaka, maelezo hayo hutumika kupata namba, na namba hiyo hushikiliwa kwa uthabiti wote wa jina. Kiolesura kilichotoa namba kinaweza kuzimwa saa moja baadaye, kitambulisho hakitikisiki. Mpaka hapo itifaki inamtii Kripke. Tatizo ni kwamba ruta ikizimwa na kuwashwa, sherehe ya kupewa jina hufanywa upya, na maelezo hutumika upya katika mazingira ambayo huenda yamebadilika. Kiolesura kimeongezwa, kingine kimekatika, na mtoto anarudi kutoka usingizini na jina jipya. Hakuna mtu aliyeamua hivyo. Jina la ruta, katika hali ya kuachiwa lijichague, ni thabiti kwa muda wa uhai wa mchakato mmoja tu.

Waraka unalijua hilo, na mahali unapolijua ni mahali pazuri kuliko pote katika matini hii. Sehemu ya 13.4 inaeleza ruta itambue vipi kwamba tangazo lililopokewa ni lake yenyewe. Kigezo cha kwanza ni jina: nafasi ya ruta mtangazaji ina kitambulisho chake. Kigezo cha pili ni cha matangazo ya mtandao: kama kitambulisho cha tangazo ni anwani ya kiolesura chake, basi ni lake, hata kama jina la mtangazaji ni jingine. Ndani ya mabano mwandishi anaeleza kwamba hali hii ni adimu, na kwamba huashiria kuwa ruta imebadili kitambulisho tangu ilipotoa tangazo hilo. Ruta hiyo hupaswa kuliondoa tangazo, kwa kulizeesha hadi ukomo wa umri na kulisambaza upya ili wote walifute.

Tunaomba msomaji azingatie kinachotendeka hapo. Ruta inakutana na maandiko yake ya zamani yaliyotiwa saini kwa jina ambalo haiitwi tena, na inayatambua kwa sababu inaijua nyumba yaliyoandikiwa. Anwani ndiyo imekumbuka, jina limesahau. Ni kinyume cha kila tulichoambiwa kuhusu jina na anwani. Waraka ulipaswa kutoka hapo urudi kwenye fasili na kuonya kwamba jina lisiachiwe vifaa. Badala yake umetoa tiba ndani ya mabano, na katika kiambatisho ukaongeza kwamba ruta inayokusudia kubadili kitambulisho iyafute kwanza matangazo yake kabla ya kuanza upya, kwani yasipofutwa yatabaki kwenye kumbukumbu za wenzake mpaka umri wake uishe. Ukomo wa umri ni saa 1. Kwa saa hiyo nzima, ramani inaweza kubeba kituo ambacho hakipo.

6. Nisba

Kiswahili kimerithi kutoka Kiarabu desturi ya majina ambayo, kwa maoni yetu, inaeleza hali hii kwa usahihi kuliko istilahi yoyote ya kihandisi. Ni nisba: sehemu ya jina inayomhusisha mtu na ukoo au mji. Mtu wa asili ya Barawa huitwa Barawi. Akihamia Unguja, haachi kuwa Barawi, na mjukuu wake aliyezaliwa Unguja na asiyewahi kuiona Barawa anaweza kulibeba jina hilohilo. Nisba ina umbo la mahali lakini haimwambii mtu aende wapi kumtafuta mwenye jina. Anayepeleka barua Barawa kwa sababu mpokeaji anaitwa Barawi hajakosea njia; amekosea aina ya neno.

Kitambulisho cha ruta kilichochukuliwa kutoka kwenye anwani ni nisba. Kimetoka mahali, na kilipotoka kimeacha kuwa mahali. Hakuna pakiti inayotumwa kwa kitambulisho. Namba hiyo inaweza isiwe na kiolesura chochote hai nyuma yake, na mtandao ukaendelea bila dosari. Sentensi hii, au mfano wake, ndiyo inayokosekana katika RFC 2328. Mhandisi anayeona 10.0.0.7 katika orodha ya majirani, akajaribu kuipigia ili aone kama ruta iko hai, asipojibiwa akahitimisha kwamba ruta imekufa, amepeleka barua Barawa.

Desturi ya wasimamizi makini, ya kuweka kiolesura cha lupubeki na kutumia anwani yake kama kitambulisho, inaweza kutazamwa kama juhudi ya kuifanya nisba iwe kweli: jina linalofanana na anwani, na anwani hiyo ipo, na inajibu. Ni desturi nzuri na tunaiunga mkono, kwa sharti kwamba namba iandikwe kwa mkono katika usanidi wa itifaki na isisubiriwe ijichague. Kwani lupubeki nayo ina mitego. Zipo huduma ambamo ruta mbili au zaidi hupewa kwa makusudi anwani moja ya lupubeki ili mteja ahudumiwe na iliyo karibu. Anwani hiyo ikitokea kuwa kubwa kuliko lupubeki nyingine, ruta zote mbili zitaitwa kwayo.

7. Wajina wawili

Katika jamii za Waswahili wajina wana udugu wa aina yake. Huitana somo na huoneana haya. Wajina wa OSPF hawana bahati hiyo. Zikiwa ni ruta zinazopakana moja kwa moja, programu nyingi huligundua jambo hili na kukataa ujirani, huku zikiandika onyo kwenye kumbukumbu. Hali mbaya ni pale zinapokuwa katika eneo moja la OSPF lakini hazipakani.

Hapo kila moja hutoa tangazo la ruta. Kwa kuwa tangazo hutambuliwa kwa aina yake, kitambulisho chake na mtangazaji wake, na vyote vitatu vinalingana, mtandao unayaona matangazo mawili kuwa nakala mbili za tangazo moja, moja mpya na moja iliyopitwa. Ruta ya kwanza inapopokea tangazo la wajina wake lenye namba ya mfuatano kubwa kuliko yake, haina namna ya kufikiri kwamba kuna mwingine. Itifaki inaielekeza kuamini kwamba haya ni maneno yake yenyewe ya zamani, labda ya kabla haijazimwa, na kwamba dawa ni kupandisha namba ya mfuatano na kusema upya. Ya pili inapokea masahihisho hayo na kufanya vivyo hivyo. Kanuni hairuhusu tangazo lilelile kutolewa upya kabla ya sekunde 5 kupita, na muda huo ndio pekee unaopunguza kasi ya ugomvi. Ruta nyingine zote hushuhudia kituo kimoja ambacho kila mara viungo vyake vimebadilika, na kila mara hukokotoa njia upya. Mitandao iliyo nyuma ya ruta hizo mbili huonekana na kutoweka kwa zamu.

Cha kuzingatia kwa uhakiki wetu ni kwamba hakuna ruta iliyovunja kanuni. Zote mbili zimeifuata 13.4 neno kwa neno. Kosa limetendwa kabla ya itifaki kuanza, katika tendo la kutoa jina, tendo ambalo waraka uliliweka kiambatishoni.

Tena jina hilo lina cheo. Ruta mbili zinapoanza kubadilishana ramani, yenye kitambulisho kikubwa huongoza mazungumzo. Katika uchaguzi wa ruta teule, kipaumbele kikilingana, kitambulisho kikubwa hushinda. Anayeandika namba anatoa jina na ukubwa kwa mkupuo mmoja, na anayeiacha ijichague ameacha vyote viwili mikononi mwa mpango wa anwani uliotungwa kwa sababu nyingine kabisa.

8. Toleo la tatu, na suala la istilahi

Hoja yetu isingekuwa na nguvu kama historia yenyewe isingeithibitisha. OSPF ilipotungiwa toleo la tatu kwa ajili ya IPv6, kwanza mwaka 1999 na kisha katika RFC 5340 ya Julai 2008, anwani zilikua hadi biti 128. Kitambulisho kilibaki na biti 32. Nisba haikuwezekana tena, kwani jina halingeweza kubeba umbo la mahali pake. Na toleo hilo lilipolazimika kuachana nayo, lilisafisha pia maeneo tuliyoyalalamikia: majirani wote hutambuliwa kwa kitambulisho, na tangazo la mtandao halibebi tena anwani ya ruta teule katika nafasi ya kitambulisho cha tangazo, hubeba namba ya kiolesura. Msimamizi wa mtandao wa IPv6 tupu hugundua, mara nyingi kwa mshangao, kwamba itifaki haianzi mpaka aandike namba kwa mkono. Itifaki jirani ya BGP ilipita njia hiyohiyo. RFC 4271 ya 2006 ilitaka kitambulisho kiwe anwani halali ya mzungumzaji. RFC 6286 ya Juni 2011 ikalegeza, ikataka namba yoyote isiyo sifuri na isiyorudiwa ndani ya mfumo. Miaka mitano ilitosha kwa fasili kuivua anwani.

Kwa upande wa Kiswahili, tunaona istilahi ya kitambulisho cha ruta ni sahihi kimofolojia: ni chombo cha kutambulisha, na hakina mahali ndani yake. Udhaifu wake uko katika matumizi ya kila siku, ambamo kitambulisho ni kadi inayobeba mambo mengi. Namba ya utambulisho wa taifa nchini Tanzania ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Mzungumzaji amezoea namba inayosomeka. Tarehe ya kuzaliwa, hata hivyo, haibadiliki, na hapo mfano unaachana na ruta. Istilahi ya anwani ya ruta, ambayo mwanafunzi huvutwa kuitumia kila aonapo tarakimu nne zenye nukta kati yake, inapaswa kukataliwa bila huruma, kwa sababu inarudisha ndani ya lugha yetu kosa lile ambalo waandishi wa nyaraka wamekwisha kulirekebisha katika yao. Na kitenzi kinachofaa si kuweka, kinachotumika kwa kigezo chochote. Ni kupa. Ruta hupewa kitambulisho, na anayekitoa anajulikana.

Kuna eneo moja ambamo mtoaji haonekani. RFC 7503 ya Aprili 2015 inaeleza OSPF ya toleo la tatu inayojisanidi yenyewe, kwa mitandao ya majumbani isiyo na msimamizi. Humo kila ruta hujichagulia kitambulisho kwa bahati nasibu, na ili wajina wagunduane, kila tangazo la kujisanidi hubeba alama ya maunzi, mfuatano mrefu wa baiti unaotokana na vipande vya kifaa chenyewe. Zikigongana, alama hizo hulinganishwa, na mmoja hulazimika kutafuta jina jingine. Ugomvi wa 13.4 umepata hakimu, na jina limekatwa kabisa kutoka kwenye mahali. Lakini programu zinazoonyesha majina hayo kwenye skrini bado huyaandika kwa tarakimu nne na nukta tatu, kama ilivyokuwa katika mfano wa RT3.